Maradhi Yasiyo na Mwisho: Ngozi, Msuko na Mazungumzo ya Wagonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufundishwa kama onyo kwa msiri, na aghalabu mjadala wake huishia hapo. Ikichunguzwa kwa makini, hata hivyo, hudhihirika kuwa imejengwa juu ya madai mawili ambayo haiyatamki: kwamba maradhi yanaweza kufichwa, na kwamba yana mwisho. Yako maradhi yasiyokubali dai lolote kati ya hayo mawili. Soriasisi ni mojawapo. Haifichiki kwa urahisi, kwa kuwa makazi yake ni ngozi, yaani sehemu ile ya mwili ambayo watu huisoma kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Aghalabu haiui moja kwa moja. Wala haiponi. Mgonjwa wake hangoji kifo kije kumuumbua. Huumbuliwa kila asubuhi anapokung'uta shuka.

Makala haya yanahusu namna maradhi ya aina hii yanavyoisumbua fasihi. Hoja inayoendelezwa ni kwamba masimulizi mengi ya ugonjwa, yawe ya Kiswahili au ya kigeni, yamefumwa kwa msuko unaodai kikomo: mgonjwa ama hupona, ama hufa, ama hubadilika akawa mtu mwingine aliyejaa hekima. Ugonjwa sugu wa ngozi haumpi mwandishi hata kimojawapo cha vikomo hivyo. Ndiyo sababu waandishi mashuhuri walioukabili wamelazimika kubuni mwisho ambao ugonjwa wenyewe haukuutoa, ilhali wagonjwa wa kawaida, wanapozungumza wao kwa wao, hawabuni mwisho wowote. Mazungumzo yao yana umbo, na umbo hilo halijapata uhakiki unaolistahili.

Ni muhimu kwanza kueleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu umbo la usimulizi hapa linatokana na umbo la maradhi. Ngozi ya kawaida hujiumba upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Ngozi yenye soriasisi huifanya kazi hiyo kwa siku chache tu. Seli changa huzisukuma nje zile za awali kabla hazijakomaa, na matokeo yake ni mabaka mazito yenye magamba yanayowasha, yanayopasuka na kupukutika. Ugonjwa hauambukizi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa unawapata watu wasiopungua milioni 100 ulimwenguni. Hutulia, ukarudi; ukatulizwa kwa dawa, ukarudi tena. Daktari anaweza kuahidi nafuu, lakini hawezi kuahidi kwamba nafuu hiyo itadumu. Wakati wa mgonjwa kwa hiyo hauendi mbele kama wakati wa hadithi. Huzunguka.

Nadharia ya usimulizi wa ugonjwa imekaribia kulitambua jambo hili. Arthur Kleinman (1988) alitenganisha maradhi kama daktari ayaonavyo na ugonjwa kama mwenyewe anavyouishi, na Susan Sontag (1978) alikwisha kuonya kwamba sitiari zinazobandikwa magonjwa huwaumiza wagonjwa mara ya pili. Arthur Frank (1995) aliyagawa masimulizi haya katika makundi matatu: yale ya kurejeshewa afya, yale ya vurugu yasiyo na mpangilio, na yale ya safari ambamo mgonjwa hujifunza jambo. Mgawanyo huo una manufaa, lakini unaacha mwanya. Mtu aliyeishi na mabaka kwa miaka 30, anayekwenda kazini, anayelea watoto, ambaye hatazamii kupona na wala hajioni kuwa msafiri wa kiroho, hana pa kuwekwa. Maisha yake hayana vurugu. Yana utaratibu wa kuchosha.

John Updike (1932–2009), mwandishi wa Marekani, ni mfano mzuri wa msanii aliyejua haya yote na bado akashindwa kujinasua katika msuko. Soriasisi ilimpata akiwa na umri wa miaka sita. Kwa muda mrefu aliisema kupitia wahusika. Katika riwaya ya The Centaur (1963), kijana Peter Caldwell anamfunulia msichana ampendaye siri ya ngozi yake, na tukio hilo ni miongoni mwa yale yenye upole mkubwa katika kazi nzima. Mwaka 1976 ikatoka hadithi fupi "From the Journal of a Leper". Ni mwaka 1985 alipochapisha insha "At War with My Skin", ambayo baadaye iliingizwa katika kitabu chake cha kumbukumbu, Self-Consciousness (1989). Miongo miwili na zaidi ilipita kati ya kuukabidhi ugonjwa kwa mhusika na kuukiri kwa nafsi ya kwanza. Ucheleweshaji huo wenyewe ni ushahidi. Mwandishi aliyeweza kuandika bila haya kuhusu uzinzi na talaka aliona taabu zaidi kuandika kuhusu viwiko vyake.

Anwani ya insha hiyo inatangaza vita. Hata hivyo, msomaji akiifuatilia kwa subira ataona kwamba vita vyenyewe havipiganwi. Kinachoelezwa ni mipango. Updike anasimulia jinsi alivyochagua kuishi Ipswich, katika jimbo la Massachusetts, kwa sababu palikuwa na ufuo wa kuotea jua. Jinsi alivyosafiri hadi visiwa vya Karibiani majira ya baridi kwa sababu hiyo hiyo. Jinsi uandishi ulivyomfaa kwa kuwa ni kazi isiyomlazimu mtu kuonekana. Jinsi alivyooa mapema, akishukuru kumpata mwanamke asiyemchukiza kwa ngozi yake. Huyu si askari. Ni mpangaji anayeishi na mwenye nyumba mkorofi, ambaye amejifunza ni saa ngapi apite uani. Sitiari ya vita imekaa juu ya insha kama kofia isiyomtosha mvaaji, na ubora wa insha unapatikana pale inapoisahau anwani yake.

Hadithi ya mwaka 1976 inatatanisha zaidi. Msimulizi ni mfinyanzi mwenye soriasisi anayetibiwa huko Boston kwa njia iliyokuwa mpya miaka ile: mgonjwa humeza dawa ya kuifanya ngozi yake iathiriwe kwa urahisi na nuru, kisha husimama ndani ya kibanda chenye taa za miali ya urujuanimno. Mabaka yanatoweka. Kadiri ngozi inavyosafika ndivyo mapenzi yake yanavyonyauka na vyungu vyake vinavyopoteza ule ukamilifu uliokuwa fahari yake. Wahakiki wanaoisoma hadithi hii kama kejeli dhidi ya tiba wanaona nusu tu. Updike alihitaji kikomo, na kwa kuwa uponyaji wa furaha ungekuwa uongo, alichagua uponyaji wa hasara. Lakini huo nao ni uponyaji. Maishani, tiba ile ya nuru ilipungua nguvu kwake baada ya miaka kadhaa na ikambidi atafute nyingine. Hadithi haikuthubutu kufika huko, kwenye siku ya kawaida ambapo baka la kwanza linarudi gotini na mtu anakwenda kazini vivyo hivyo.

Anwani ya hadithi hiyo nayo ingemtatiza mfasiri wa Kiswahili. Kwa msomaji wa Marekani, neno la ukoma ni sitiari tupu iliyotoka katika Biblia. Kwa msomaji wa magharibi mwa Kenya, aliyekua akisikia habari za hospitali ya wakoma ya Alupe karibu na Busia, neno hilo lina watu ndani yake. Updike analiazima jina la wagonjwa wengine ili kukuza uchungu wake, na wagonjwa hao hawaulizwi.

Jambo jingine katika Self-Consciousness linastahili kutazamwa kwa karibu. Kitabu kile kile kilicho na sura ya ngozi inayougua kina pia sura iliyoandikwa kama barua kwa wajukuu wa mwandishi, ambao baba yao ni Mghana. Katika sura moja ngozi ni siri ya mtu mmoja. Katika nyingine ni historia ya watu wengi. Sura hizi mbili zimekaribiana sana bila ya kusalimiana. Updike anaihofia siku wajukuu watakapohukumiwa kwa rangi, lakini haulizi ugonjwa wake ungesemwaje katika rangi hiyo. Swali si la ziada. Msamiati wake wa soriasisi ni wa wekundu na fedha juu ya weupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo: baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, na hata likitulia huacha doa jeusi au jeupe ambalo huweza kukaa kwa miezi. Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilionyesha hasa picha za ngozi nyeupe, na madaktari waliofunzwa kwa picha hizo huweza kulitazama baka wasilitambue. Hata jua, ambalo kwa Updike ni mfariji, si mfariji kwa kila mtu. Kwa mwenye ualbino wa Afrika Mashariki ndilo adui wa kwanza. Tafsiri ya insha ile ingehitaji zaidi ya kubadilisha maneno. Ingelazimu kubadilisha macho.

Dennis Potter (1935–1994) wa Uingereza aliugua soriasisi iliyoshambulia pia viungo vya mifupa, na tamthilia yake ya televisheni ya The Singing Detective, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 1986 kwa sehemu sita, inamweka mhusika mkuu, Philip Marlow, katika wodi ya hospitali. Uamuzi huo wa mandhari unaibadili kazi nzima. Updike yuko peke yake na kioo. Marlow yuko kati ya vitanda. Wapo wazee wanaolalama, yupo Ali wa kitanda jirani ambaye anataniana naye kwa ukali kisha anafariki, yupo muuguzi anayempaka mafuta mwili mzima huku mgonjwa akihangaika kuidhibiti aibu yake. Madaktari wanakuja kwa kundi, wanazungumza juu ya kichwa chake, na Potter anawageuza waimbaji na wachezaji ngoma. Kicheko hapa ni silaha ya mtu asiyeweza kunyanyua mkono. Hata hivyo Potter naye hatimaye anadai kikomo: katika njozi ya mwisho mpelelezi wa kubuni anampiga risasi Marlow mgonjwa, na Marlow mwenye nafuu anaondoka kwa miguu yake. Ili hadithi iishe, mgonjwa ameuawa.

Upande wa Kiswahili, mfano wa kale ulio karibu zaidi ni Utenzi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mapema katika miaka ya 1920. Kisa chenyewe kinajulikana pwani nzima: nabii anapokonywa mali, wana na afya, mwili wake unaoza, watu wanamkimbia, mkewe anabaki. Mwisho wake ni wa kurejeshewa kila kitu. Kidini hauna dosari, kwa kuwa kisa hiki ni hoja juu ya subira na ukarimu wa Mola. Lakini kwa mhakiki wa ugonjwa, mhusika wa kuvutia ni yule mke. Ayubu ana mazungumzo na Mungu. Yeye ana mazungumzo na majirani. Ndiye anayetoka kutafuta riziki, ndiye anayetazamwa mikono kabla ya kupewa kazi. Kiswahili kinalo neno kwa ajili yake: kutokana na kuugua kukatoka kuuguza. Mgonjwa na mwuguzaji wanashiriki mzizi mmoja wa kitenzi, jambo ambalo nadharia za kigeni zilizotajwa hapo juu zimechelewa kuliona.

Lugha hii ina utajiri mwingine unaohusu ngozi, na si wote unaomfaa mgonjwa. Ina upele, ukurutu, choa, mba, mbalanga na ukoma, bali kwa soriasisi haina jina lililokubalika. Mwenye nayo hukopa la kitabibu au husema tu "ugonjwa wa ngozi". Methali zake hujua kuwashwa kunakopita. Asemaye kwamba mtu hujikuna ajipatapo anahimiza kutenda kwa kadiri ya uwezo. Asemaye kwamba upele umempata msi kucha anamcheka aliyepata bahati asijue kuitumia, na katika mantiki ya methali hiyo upele ni neema, kwa kuwa kujikuna ni raha. Hakuna methali katika hizi inayomfikiria mtu ambaye kujikuna kwenyewe humzalishia baka jipya, kama ilivyo kwa mwenye soriasisi ngozi yake inapochubuka. Vivyo hivyo kujivua gamba. Msemo huu, uliopata umaarufu wa kisiasa Tanzania mwaka 2011 ulipotumiwa na chama tawala, umetokana na nyoka, na unaahidi upya. Mwenye soriasisi hujivua gamba kila siku, na chini ya gamba kuna gamba.

Sasa yafaa kuyageukia mazungumzo ya wagonjwa wenyewe. Historia ya mazungumzo hayo kama taasisi ina mwanzo wa kupendeza. Mwaka 1966, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, mume mmoja aliweka tangazo dogo gazetini kwa ajili ya mkewe mwenye soriasisi, akiwatafuta wengine wa aina yake. Waliojibu walikuwa wengi kupita matarajio, na humo kikazaliwa chama cha kitaifa cha wagonjwa wa Marekani. Uingereza chama kama hicho kiliundwa mwaka 1968. Tangu mwaka 2004 tarehe 29 Oktoba huadhimishwa kuwa siku ya wagonjwa hawa duniani, na mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye kutia maumivu, kuharibu sura na kulemaza, usio na tiba ya kuumaliza. Mhakiki asilipuuze lile tangazo la kwanza. Ni matini fupi mno, haina msuko, imeandikwa na mwuguzaji, na inamwelekea msikilizaji asiyejulikana. Sifa hizo nne ndizo hizo hizo za mazungumzo yaliyofuata.

Nafsi ya kwanza ya Updike inasema: hivi ndivyo nilivyoishi. Wagonjwa wanapokutana, sentensi hubadilika ikawa: wewe unafanyaje? Mada zao zinashangaza kwa udogo wake. Nguo nyeusi inaonyesha magamba mabegani, nyeupe inaonyesha damu. Basi rangi gani ivaliwe? Mafuta ya lami yanatuliza lakini yananuka na kuchafua matandiko. Kinyozi ataambiwa kabla hajakifunua kichwa, au ataachwa agundue? Nani afagie chumba cha wageni kabla ya mwenyeji kuamka? Mkono unaosalimiwa ukiwa na mabaka, utolewe au uwekwe kifuani? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee katika jamii ambamo kusalimiana kwa mkono ni adabu ya lazima. Lilikuwa na uzito zaidi wakati ambapo upele wowote usioeleweka uliweza kusomwa kama dalili ya Ukimwi, maradhi ambayo Kenya iliyatangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mgonjwa wa miaka ile alibeba ugonjwa wake pamoja na ule aliodhaniwa kuwa nao.

Udogo wa mada hizi usimdanganye mhakiki. Erving Goffman alieleza mwaka 1963 kwamba mwenye alama ya aibu hutumia nguvu nyingi kusimamia habari zinazomhusu. Mazungumzo ya wagonjwa yanaonyesha jambo ambalo Goffman hakulikazia vya kutosha, nalo ni kwamba kazi hiyo ni ya usimulizi. Ngozi husema kwanza, na husema vibaya. Mwenyewe hutumia siku nzima kuisahihisha. Mbele ya kinyozi anatoa hadithi moja, mbele ya mwajiri nyingine, mbele ya mchumba nyingine. Kinachomchosha zaidi, aghalabu, ni kuulizwa. Mahali pekee ambapo halazimiki kusimulia ni miongoni mwa wenzake, na ndiyo sababu hapo lugha yake hulegea ikawa orodha, mzaha na ushauri. Kutokuwapo kwa hadithi ndiyo raha yenyewe.

Yupo atakayepinga kwamba hiyo si fasihi, kwa kuwa haina mtunzi wala usanii. Hoja hiyo ilikwisha kusikika Nairobi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi, walidai pia kwamba thamani ya matini isipimwe kwa jina lililo kwenye jalada. Aliyekubali kuhakiki kitendawili hana sababu ya kukataa kuhakiki swali la mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake, lililo na fomula zake za kufungulia, zamu zake za kujibizana na vichekesho vyake vinavyorithiwa.

Hata hivyo mazungumzo hayo yasitukuzwe kupita kiasi. Humo pia hupita tiba za uongo, mashindano ya nani ameteseka zaidi, na ushauri wa hatari. Krimu kali za steroidi ambazo daktari huzitoa kwa kipimo ndizo pia huuzwa mitaani kwa ajili ya kujichubua, na mgonjwa anayezipata huko bila kipimo huweza kuiharibu ngozi aliyokusudia kuiokoa. Tena wanaosikika ni wale wenye nafasi na nauli ya kufika. Mtafiti anayekusanya kauli hizi kwa tasnifu ana wajibu wa kuuliza ni nani hakuwapo. Ana wajibu pia wa kutozikata vipande akazipanga chini ya vichwa vya "maudhui", kwa maana anayejibu na anayejibiwa wakitenganishwa, umbo limekwisha.

Mfano mmoja watosha kuonyesha kinachopotea: "Ni ngozi tu." Ikisemwa na tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni, "tu" hiyo inampunguza mgonjwa, maana yake ni kwamba wapo wanaokufa. Ikisemwa na mgonjwa kwa abiria aliyesogea pembeni kwenye kiti cha matatu, inafunga mlango. Inaomba maswali yasiendelee. Ikisemwa na mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake, mmoja akimwonyesha mwingine shingo iliyolipuka upya wiki ya harusi ya binti yake, wote wawili hucheka.